Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara: Kurekodi na Kuhifadhi Lugha Zilizo Hatarini kwa Njia za Kidijitali

Maswali haya huja kutoka kwa watu wa aina mbili: wenye lugha wanaoona wazee wao wakipungua, na watu wa nje, mara nyingi wanafunzi, waliokabidhiwa kinasa sauti na miezi mitatu ya kazi. Majibu ni yale yale kwa wote, ila pale nilipotaja tofauti. Mengine ni marefu kwa sababu ndipo kazi inapokwama.

Lugha yenye wazungumzaji wachache ndiyo lugha iliyo hatarini?

Si lazima. Kihadza, kinachozungumzwa kandokando ya Ziwa Eyasi kaskazini mwa Tanzania, kina wazungumzaji wapatao 1,000 tu, lakini watoto bado wanakua nacho. Kibretoni cha magharibi mwa Ufaransa kilikuwa na wazungumzaji wapatao milioni moja katikati ya karne ya 20, kisha wazazi wakaacha kukizungumza na watoto wao. Leo wengi wa waliobaki ni wazee. Ukitaka kujua afya ya lugha usianze na idadi. Uliza mtoto wa miaka mitano anamwomba bibi yake maji kwa lugha gani.

Atlasi ya UNESCO ya lugha zilizo hatarini, toleo la 2010, iliorodhesha lugha zipatazo 2,500 na kuzipanga kwa kigezo hicho cha vizazi. Kuna lugha ambayo watoto wengi wanaijua ila haivuki mlango wa nyumba. Kuna ambayo watoto hawajifunzi tena nyumbani. Kuna ambayo mababu wanaizungumza huku wazazi wakiielewa tu. Na kuna iliyo mahututi, ambayo hata mababu wenyewe huizungumza kwa nadra na kwa vipande. Ukijua yako iko ngazi gani, unajua pia una haraka kiasi gani. Kwa lugha mahututi, acha kuandika mpango wa mradi. Anza kurekodi wiki hii.

Watu wamehamia lugha kubwa kwa hiari yao. Tunahangaikia nini?

Hiari hiyo ichunguze vizuri. Katika nchi nyingi, nyuma yake yupo mtoto aliyechapwa shuleni kwa kusema lugha ya mama yake, aliyekua akaapa kwamba wake hawatachapwa. Pia tusijisahau sisi tunaoandika Kiswahili. Kwa lugha nyingi ndogo za Afrika Mashariki, inayozimeza si Kiingereza, ni hiki hiki Kiswahili. Wakati mwingine hata hicho hakihusiki: Wayaaku wa msitu wa Mukogodo nchini Kenya walihamia Kimaasai, lugha ya majirani zao, ndani ya karne ya 20. Wao wapo, Kiyaaku ndicho kilichobaki kwenye vinywa vya wachache mno.

Sikusudii kumlazimisha mtu aongee lugha asiyoitaka. Ninachotaka ni kwamba mjukuu wake akibadili mawazo, akute kitu.

Kurekodi lugha ni sawa na kuiokoa?

Hapana, na anayekuahidi hivyo mwogope. Kiubikh, lugha ya Kaukazi iliyokuwa na konsonanti zaidi ya 80, kilichunguzwa na wanaisimu kwa miaka mingi. Mzungumzaji wake wa mwisho aliyekimudu kikamilifu, Tevfik Esenç, alifariki Uturuki mwaka 1992. Rekodi zipo, sarufi ipo, lakini hakuna nyumba ambamo watu wanagombana kwa Kiubikh.

Upande wa pili kuna Wawampanoag wa mashariki mwa Marekani. Lugha yao ilikaa zaidi ya karne moja bila mzungumzaji hata mmoja. Mwaka 1993 jessie little doe baird (jina lake huandikwa hivyo, kwa herufi ndogo) alianza na wenzake kazi ya kuirudisha, wakitegemea karatasi: hati za mashamba, barua, na Biblia iliyochapwa kwa lugha hiyo mwaka 1663. Hawakuwa na sekunde moja ya sauti. Binti yake akakua akiisikia lugha hiyo nyumbani tangu utotoni.

Kwa hiyo rekodi peke yake haifufui kitu, ila bila kumbukumbu yoyote hata mwenye nia hana pa kushika.

Nianze na kamusi?

Kila mtu anataka kuanza na kamusi, na naelewa sababu: ina mwanzo na mwisho, inachapika, kiongozi anaweza kupigwa picha akiishika. Lakini mbinu ya kukaa na orodha na kuuliza "hili mnaliitaje, na hili?" hukupa lugha iliyokondeana.

Chukua Kiswahili chenyewe. Mgeni ana orodha yenye kitendo kimoja cha maji na sabuni. Anauliza, anajibiwa "kuosha", anaandika, anaendelea. Amekosa kunawa, kufua, kuoga, kusuuza, kutawadha, kukosha. Hakuna aliyemdanganya. Swali lake ndilo lililokuwa na tundu moja, likapitisha neno moja. Angewasha kinasa sauti watu wakiwa kazini asubuhi nzima, maneno hayo yote yangepita mbele yake bila kuulizwa.

Mwaka 1998 mwanaisimu Nikolaus Himmelmann aliandika makala iliyotenganisha kazi mbili zilizokuwa zikichanganywa: kukusanya kumbukumbu za lugha jinsi watu wanavyoitumia, na kuichambua ili kupata sarufi. Tangu hapo wengi hushauri ukusanye kwanza na kwa upana. Hadithi, ndiyo, lakini pia mtu anayemwelekeza mwenzake njia, ugomvi mdogo wa bei, maombi, utani wa mashemeji, mama anayembembeleza mtoto, mtu anayesuka kamba huku akieleza vidole vyake vinafanya nini. Kamusi itatoka humo humo. Orodha ya maneno ina kazi yake pia, hasa unapochunguza sauti na toni. Iweke siku ya pili.

Je, simu yangu inatosha?

Inatosha kuanzia. Rekodi ya simu ya leo ni bora kuliko ya kinasa kizuri kitakachonunuliwa mwakani, kwa sababu mzee hakungoji.

Lakini ijue tabia yake. Simu imetengenezwa kwa ajili ya kupiga simu, kwa hiyo programu yake ya kurekodi mara nyingi "husafisha" sauti: inaondoa inachodhani ni kelele. Katika kusafisha huko hupunguza ukali wa *s* na *f*, pumzi inayofuata konsonanti, hata vidoko (zile sauti za kufyatua ulimi) vya lugha kama Kihadza, yaani vitu vile vile unavyotaka kuvisikia. Kisha hulihifadhi faili likiwa limebanwa. Tafuta programu ya kurekodi inayohifadhi WAV, yaani faili la sauti lisilobanwa, na inayokuruhusu kuzima usafishaji huo. Weka kHz 48 na biti 24. Saa moja ya stereo kwa kiwango hicho hula takriban gigabaiti 1, basi angalia nafasi kabla ya kukaa na mtu. Kutoka WAV unaweza kutengeneza MP3 wakati wowote. Kutoka MP3 huwezi kurudi nyuma, kilichokatwa kimekatwa. Zima mtandao wa simu kabisa ili mtu asipige katikati ya hadithi. Na ukimpelekea mwenzako rekodi kwa WhatsApp, iambatishe kama faili, usiirekodi kama ujumbe wa sauti, maana huko hubanwa sana.

Ukiwa na fedha kidogo, usikimbilie simu ghali. Nunua maikrofoni ya kubana kwenye nguo. Maikrofoni ya kawaida iliyo shubiri moja kutoka mdomoni huishinda ya kifahari iliyo upande wa pili wa chumba. Zima feni na friji; sikio lako limezizoea, kinasa hakijazizoea. Kwenye upepo, maikrofoni iwe na kofia yake ya manyoya au sponji. Kipimo cha sauti kicheze karibu na desibeli -12, kisiguse sifuri, kwa sababu mzee atacheka, na kicheko kikigonga kileleni hupasuka na hakitengenezeki.

Na vaa hedifoni. Watu huona aibu kuvaa hedifoni mbele ya mzee, wanaona kama dharau. Mweleze, mpe naye asikilize kidogo; mara nyingi hafurahii kitu kingine siku hiyo kama hicho.

Ni kosa gani linalowapata wengi siku ya kwanza?

Nilikaa asubuhi moja na bibi aliyekuwa amekubali, baada ya wiki tatu za kukataa, kusimulia jinsi alivyoozwa. Alisimulia karibu saa nzima. Alilia kidogo, akacheka zaidi. Taa nyekundu ya kinasa changu ilikuwa ikipepesa muda wote na mimi nikaitazama kwa kuridhika. Kwenye kinasa kile, taa inayopepesa maana yake kiko tayari. Inayowaka mfululizo ndiyo inarekodi. Nilikuwa nimebonyeza mara moja badala ya mbili. Nilipomwambia alinitazama akasema, "Basi umesikia wewe." Hakurudia, wala sikuthubutu kumwomba.

Tangu siku hiyo sitazami taa. Natazama namba za sekunde kama zinakwenda, narekodi nusu dakika, nasikiliza, ndipo tunaanza.

Sauti tu, au video pia?

Video inapowezekana, hasa kama mikono inasema kitu, na kwa lugha za alama haina mbadala. Ila sauti ya kamera yenyewe ni duni. Rekodi sauti kando, kisha piga kofi moja mbele ya kamera mwanzoni ili baadaye uoanishe picha na sauti. Mtu akikataa sura yake ionekane, mjadala umekwisha.

Faili niziiteje?

Swali hili huonekana la kitoto mpaka uwe na faili 300 zinazoitwa REC0001 hadi REC0300.

Kwenye diski yangu ya miaka ya mwanzo lipo faili moja ambalo mwanamume anaeleza vizuri sana jinsi ya kutambua nyuki wakali kwa mlio wao. Katikati anaingia mwingine anampinga, wanabishana, wa pili anashinda. Hakuna anayejua wale wawili ni nani. Siwezi kuwashukuru, siwezi kuziomba ruhusa familia zao, siwezi kusema ni lahaja ya upande gani wa mto. Sauti ni safi kabisa na haina mwenyewe.

Jina la faili lijitosheleze, kwa mfano hts_2024-03-12_nyuki_01.wav. *hts* ni msimbo wa Kihadza katika orodha ya ISO 639-3, inayozipa lugha herufi tatu kila moja; yako tafuta wa kwake, kwa sababu jina la lugha hubadilika kwa mwandishi lakini msimbo haubadiliki. Mwaka utangulie, ufuate mwezi, kisha siku, ili kompyuta izipange zenyewe. Usiweke nafasi wala herufi zenye alama kwenye jina.

Kisha uwe na jedwali moja, mstari mmoja kwa kila faili: nani amesema, nani ameuliza, wapi, lini, lugha zipi zinasikika humo, kuhusu nini, na ruhusa ni ya kiwango gani. Lijaze jioni ile ile. Kesho yake umeshasahau nusu. Kama bima, anza kila rekodi kwa kusema mwenyewe tarehe, mahali na nani yupo. Karatasi ikipotea, sauti inabaki.

Kunukuu saa moja huchukua muda gani?

Muda mrefu kuliko unavyofikiri. Saa moja ya mazungumzo yenye watu wanaokatizana inaweza kula saa 40 za kuandika na kutafsiri, na ukiongeza uchambuzi wa viambishi, hata 100. Hapa ndipo miradi mingi hufia: diski zimejaa, maandishi ni kurasa chache.

Programu inayotumiwa zaidi ni ELAN, iliyotengenezwa na Taasisi ya Max Planck ya Saikolojia ya Lugha kule Nijmegen, Uholanzi. Ni ya bure. Inaonyesha wimbi la sauti na chini yake safu unazojiwekea: safu ya maneno, ya tafsiri, ya maelezo. Kila kipande kimefungwa kwenye sekunde zake, hivyo ukibofya sentensi unaisikia. Kwa kamusi na uchambuzi wa maneno wengi hutumia FLEx, programu ya shirika la SIL, nayo ya bure.

Andika kilichosemwa, si kilichopaswa kusemwa. Mfano wa Kiswahili: mama anasema, "Eeh, si nilimwambia asiende." Mnukuzi mwenye haraka anafuta "eeh" kwa kuwa "si neno", halafu anaiona "si" anadhani mtu alijikwaa ulimi, anaifuta nayo. Imebaki "nilimwambia asiende", taarifa baridi isiyo na lawama ndani yake. Au anaiacha lakini anaitafsiri kama kukanusha, na mama anageuka mtu ambaye hakusema kitu. Vijineno hivi ndivyo hufa kwanza lugha inapodhoofika, na ndivyo visivyopatikana kwenye orodha yoyote ya maneno.

Kama wanukuzi hawapo, ipo njia ya mkato ninayoiheshimu sana. Kijana anayeielewa lugha anasikiliza rekodi ya mzee kipande kwa kipande, anakirudia kila kipande polepole kwa sauti iliyo wazi, kisha anakitafsiri kwa mdomo, na yote hayo yanarekodiwa. Programu kama SayMore na Lig-Aikuma zimetengenezwa kwa kazi hiyo. Hakuna kuandika hata herufi moja, na mtu wa miaka 50 ijayo ataweza kunukuu bila kumhitaji mzee. Ningechagua saa 10 zilizorudiwa hivyo kuliko saa 200 za mazungumzo ya wazee ambazo hakuna atakayezielewa.

Lugha yetu haijawahi kuandikwa. Tungoje mfumo wa tahajia kwanza?

Msingoje. Rekodini, na wanaonukuu waandike kwa namna moja waliyokubaliana, hata kama ni ya muda. Tahajia ni jambo la siasa kuliko la fonetiki. Wanakijiji wa upande mmoja watasema herufi zinafanana mno na za kabila jirani, wa upande mwingine watasema hazifanani vya kutosha na Kiswahili ambacho watoto wanasoma shuleni. Wote wana hoja. Mwanaisimu anayefika na mfumo kamili mfukoni huondoka na mfumo huo huo mfukoni.

Herufi zetu hazipo kwenye kibodi. Tutumie zinazofanana nazo?

Kwa sura zinafanana, kwa kompyuta ni vitu tofauti. Ushahidi unao kwenye simu yako. Andika *ng'ombe* kwa kipaapostrofi kilichonyooka, kisha uache simu ikirekebishe kiwe kilichopinda: *ng’ombe*. Wewe unaona mnyama yule yule. Programu nyingi za kutafuta zinaona maneno mawili, na ukitafuta moja hulipati la pili. Sasa fikiria lugha ambayo alama hiyo ni konsonanti kamili inayotokea katika kila sentensi. Kwa kazi hiyo Unicode, orodha ya kimataifa ya herufi za kompyuta, ina herufi maalumu, U+02BC, inayofanana na kipaapostrofi lakini inahesabiwa kuwa herufi. Vivyo hivyo *ŋ* ni U+014B. Usiandike *n* ukaichorea mkia kwa fonti uliyotengeneza mwenyewe, kwa sababu fonti ikipotea maandishi yote yanageuka takataka. Irabu yenye alama ya toni nayo inaweza kuandikwa kama herufi moja au kama herufi na alama yake kando. Kubalianeni moja mapema.

Kibodi yenyewe si tatizo. Keyman, programu ya bure, ina kibodi za lugha nyingi mno na inakuruhusu kutengeneza yako.

Wenye mfumo wao wenyewe wa herufi wana safari ndefu zaidi. N'Ko, ya lugha za Kimandingo za Afrika Magharibi, ilibuniwa na Solomana Kanté mwaka 1949, ikaingia Unicode mwaka 2006. ADLaM, ambayo ndugu wawili, Ibrahima na Abdoulaye Barry, waliibuni wakiwa vijana nchini Guinea mwishoni mwa miaka ya 1980 kwa ajili ya Kifulani, iliingia mwaka 2016. Mwanzoni watu waliinakili kwa mkono, daftari kwa daftari.

Akili unde haiwezi kuninukulia?

Inaweza kusaidia, kwa masharti. Mwaka 2023 kampuni ya Meta ilitoa modeli za kutambua matamshi katika lugha zaidi ya 1,100, nyingi kati yake zikiwa hazijawahi kupata chombo kama hicho. Tazama ilikopata sauti: sehemu kubwa ni usomaji wa Agano Jipya. Modeli iliyofundishwa na msomaji mmoja makini chumbani haijawahi kusikia mashangazi wanne wakiongea kwa pamoja.

Kama una saa chache zilizonukuliwa vizuri, inawezekana kuifundisha modeli iliyopo ikupe rasimu, na kusahihisha rasimu kunaweza kuwa kwepesi kuliko kuanza na ukurasa mtupu. Hatari ni kwamba mashine isipojua hainyamazi. Hubuni neno linaloelekea kuwa la kweli. Kwenye lugha kubwa watu milioni wataona kosa. Kwenye lugha ya watu 40 kosa hilo linaweza kuingia kamusini na kubaki huko. Rasimu ya mashine iwe na alama yake, na isihesabiwe kuwa nukuu mpaka mzungumzaji aipitie.

Rekodi ni mali ya nani?

Ya aliyesema, na ya watu wake. Wewe ni mpiga chapa tu. Sheria za hakimiliki za nchi nyingi zinaweza kusema vingine, ndiyo maana makubaliano yaandikwe au yarekodiwe mapema.

Ridhaa si saini. Mtu ambaye hajawahi kutumia intaneti hawezi kukubali kuwekwa kwenye intaneti kwa sababu umemsomea fomu. Mwonyeshe. Mfungulie video ya mtu mwingine anayezungumza lugha yake, mwambie mpwa wake aliye ng'ambo anaweza kuiona hii, na adui yake pia. Kisha uliza. Na uliza tena mwisho wa kurekodi, maana sasa anajua alichosema. Mara nyingi dakika ya 20 ya hadithi nzuri ya mavuno huingia habari ya nani alihamisha mpaka wa shamba la nani. Kipande hicho kifungwe, hata kama msemaji hajali. Walioko hai upande wa pili wanajali.

Yapo pia maarifa yasiyo ya kila mtu: nyimbo za unyago na jando, dawa, majina yasiyotamkwa. Programu ya Mukurtu ilianza kwa mahitaji ya Wawarumungu wa Tennant Creek, Australia, waliotaka hifadhi inayojua nani anaruhusiwa kuona nini. Na mwaka 2018 redio ya Wamaori ya Te Hiku Media, New Zealand, iliwaomba watu wasome sentensi za Kimaori. Katika siku 10 walipata zaidi ya saa 300 za sauti. Kampuni za nje zilipotaka data hiyo walikataa, wakaandika leseni yao yenye msingi wa ulezi badala ya umiliki. Linganisha na Common Voice ya Mozilla, ambako sauti unayochangia hutolewa kwa CC0: yeyote aitumie kwa lolote. Hakuna ubaya kuchagua hiyo, Kiswahili kimo pia. Ubaya ni kuchagua bila kujua kwamba hakuna kurudi nyuma.

Nikishapakia YouTube, si nimeshahifadhi?

Umeonyesha. Kuhifadhi ni jambo jingine. Tovuti ya kampuni inaweza kubadili masharti, kufunga akaunti, kubana faili, na haina wajibu kwako.

Nakala tatu, kwenye vyombo vya aina mbili, moja iwe mbali. Mbali maana yake jengo jingine kabisa. Tarehe 2 Septemba 2018 Jumba la Makumbusho la Taifa la Brazil, Rio de Janeiro, liliungua usiku mmoja, na idara yake ya isimu ikateketea pamoja na rekodi za lugha za wenyeji ambazo baadhi hazina tena wazungumzaji. Waliokuwa na nakala nyumbani ndio waliotafutwa baadaye.

Kwa muda mrefu peleka kwenye hifadhi yenye wataalamu. ELAR ilianza London na mwaka 2021 ikahamia Berlin. PARADISEC ya Australia inafanya kazi tangu 2003 na ina makusanyo mengi ya Pasifiki. AILLA iko Chuo Kikuu cha Texas kwa lugha za Amerika ya Kilatini. Hifadhi hizi hukuruhusu kupanga ngazi za ufikiaji. Lakini kabla faili hazijaenda ng'ambo, nakala iachwe kwa wenye lugha, kwenye kadi ya kumbukumbu ya simu, si kwenye seva inayotaka kompyuta na nywila. Bibi aliyesimulia asipoweza kujisikia, umechukua, hujahifadhi.

Nina kaseti za zamani. Nizicheze?

Usizicheze mara nyingi, na vunja vile vipande viwili vya plastiki nyuma ya kaseti kabla ya yote ili mtu asirekodi juu yake. Piga picha lebo na kijikaratasi cha ndani. Nakili kwa kiwango cha juu, kHz 96 na biti 24 ikiwezekana, pande zote mbili mpaka mwisho hata palipo kimya. Kaseti yenye ukungu usiitie kwenye mashine, mpe mtaalamu.

Tutengeneze programu ya simu ya kufundisha watoto?

Tengenezeni, ila data iwe nje ya programu. Nimeona programu za kamusi zilizozinduliwa kwa shangwe zikaacha kufunguka simu zilipobadili mfumo, na maneno yote yalikuwa yamefungiwa ndani. Maneno yakae kwenye faili la maandishi la kawaida, sauti kwenye WAV; programu ni nguo tu, itachanika na mtashona nyingine. Kwa uzoefu wangu, kikundi cha familia cha ujumbe wa sauti ambamo Kiswahili kimepigwa marufuku hufundisha zaidi kuliko programu yenye maneno 200 na picha za matunda.

Mimi si mwanaisimu. Naruhusiwa?

Unaizungumza au unaye anayeizungumza, basi umeshatangulia mbele ya wengi wenye shahada. Ouma Katrina Esau, aliyezaliwa 1933, mmoja wa wazungumzaji wa mwisho wa N|uu wa Afrika Kusini, aliwafundisha watoto lugha hiyo nyumbani kwake Upington. Uandishi wa vidoko vyake ulikuja kwa msaada wa wanaisimu; darasa lilikuwa lake.

Nina rekodi ya marehemu babu, na hakuna kati yetu anayeelewa anachosema. Nifanye nini?

Nakili kwanza, mara tatu. Kisha itafutie wasikilizaji: binamu wa mbali, watu wa lahaja ya jirani, mkwe aliyeolewa akakaa na lugha hiyo miaka michache. Usiwaulize "anasema nini?", ni swali zito na watasema hawajui. Wachezee sekunde kumi, simamisha, ngoja. Mmoja atashika neno moja, mwingine atabisha, wa tatu atakumbuka wimbo. Wakati hayo yanaendelea, kinasa cha pili kiwe mezani kinarekodi, na namba za sekunde zinakwenda.